UCHAMBUZI: Spika kuukuu zaanika unyonge wa mnunuzi sokoni

ONGEZEKO la kasi la wakazi katika Kaunti ya Kajiado limeleta pamoja nalo masoko ya kila aina, na mojawapo ya masoko yasiyozungumziwa sana ni lile la vyombo vya muziki vilivyokwisha kutumika. Katika miji ya Kitengela na Kajiado, spika za mbao zilizoundwa Uingereza, Japani na Marekani kati ya miaka ya 1960 na 1980 hutokea zikiuzwa bega kwa bega na majokofu, runinga na makochi yanayojulikana kwa jina la "ex-UK".

Kwa anayelitazama jambo hili juujuu, huenda likaonekana kuwa la wapenzi wachache wa santuri wanaotamani kurejesha ujana wao. Lakini miongoni mwa wanaoulizia bidhaa hizi wamo pia vijana wanaotaka kuanza biashara ya kukodisha vyombo katika harusi, makanisa machanga yanayokutania hemani na wenye mikahawa wanaotaka kuvuta wateja. Pesa zinazotumika aghalabu ni akiba ya chama, mkopo wa Sacco au mauzo ya ng'ombe. Kosa moja katika ununuzi linaweza kuzamisha biashara kabla haijaelea.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 1,117,840, ikilinganishwa na 687,312 mwaka wa 2009. Mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na watu 154,436. Mji huo ulio yapata kilomita 30 kusini mwa Nairobi umekuwa makao ya wafanyakazi wa viwanda vya EPZ na vya saruji katika eneo la Athi River, pamoja na wengi wanaofanya kazi jijini lakini hawamudu kodi wala bei ya ardhi ya huko. Palipo na watu wanaohamia na kuhama kila mwezi, vitu vilivyotumika havikosi kubadilisha mikono.

Spika kuukuu hufika sokoni kwa njia tatu. Ya kwanza ni makontena ya bidhaa zilizotumika yanayoteremshwa bandarini Mombasa. Ya pili ni familia zinazohama, wakiwemo wageni wanaokamilisha mikataba yao ya kazi Nairobi na kuuza vyombo vya nyumbani kabla ya kurudi kwao. Ya tatu ni urithi: mzee aliyenunua vyombo vyake katika miaka ya sabini anapoaga dunia, watoto huviona kuwa mizigo inayojaza sebule, na mwenye mkokoteni huitwa.

Katika njia zote hizo, mnyororo wa habari hukatika. Anayeiuza spika mara nyingi siye aliyeitumia. Hajui ilikaa stoo miaka mingapi, iliwahi kuunguzwa katika sherehe gani, wala ni fundi yupi aliyewahi kuifungua. Na hata akijua, halazimiki kusema asipoulizwa.

Mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliieleza hali ya namna hii katika makala aliyoyachapisha mwaka wa 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka wa 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliotuzwa Nobeli ya uchumi. Hoja yake ni rahisi. Muuzaji anapojua kasoro za bidhaa na mnunuzi hazijui, mnunuzi hujikinga kwa kutoa bei ya wastani. Bei hiyo haimtoshi mwenye bidhaa nzuri, naye huiondoa sokoni. Zinazosalia ni mbovu, bei hushuka tena, na mwishowe soko zima hupoteza imani ya watu.

Kajiado ni kaunti inayoelewa somo hilo kuliko nyingi, maana ni kaunti ya wafugaji. Mnunuzi wa ng'ombe katika mnada wa Bissil hatoi hela kabla ya kumfungua mnyama kinywa na kuyatazama meno, kumtembeza, na kuuliza maana ya alama zilizo kwenye ngozi yake. Ujuzi huo umerithishwa kwa vizazi, na muuzaji anajua kuwa mnunuzi anao. Ndiposa ng'ombe kibogoyo ni vigumu kuuzwa kwa bei ya mtamba. Anayenunua spika, kinyume chake, huinunua kama mbuzi aliye ndani ya gunia. Huvutiwa na ukubwa wa kasha, huambiwa "hii ni ya Mzungu", na hulipa.

Kuitambua

Hatua ya kwanza ni kujua kilichoko mbele ya macho. Jina lililobandikwa mbele ya kitambaa si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa kibandiko hung'olewa na kuhamishwa kwa dakika moja. Ushahidi wa maana uko nyuma ya kasha, ambako watengenezaji wengi waliweka bamba lenye jina la kampuni, jina la modeli, ukinzani kwa kipimo cha omu, uwezo kwa wati, nchi ilikoundwa na nambari ya pekee ya kila kasha.

Spika zilizouzwa kama jozi kiwandani aghalabu huwa na nambari zinazofuatana, au nambari moja yenye herufi mbili tofauti. Nambari zikiachana kwa maelfu, basi kuna uwezekano mkubwa kuwa makasha hayo yameoanishwa hapa nchini. Huo si uovu kwa lazima, lakini bei ya jozi halisi na ya mayatima wawili haiwezi kuwa sawa.

Jina kongwe nalo linaweza kupotosha hata likiwa halali. Wharfedale ilianzishwa na Gilbert Briggs katika eneo la Yorkshire, Uingereza, mwaka wa 1932, na modeli zake za Denton na Linton zilipendwa sana katika miaka ya 1960 na 1970. Leo jina hilo linamilikiwa na kundi la kampuni kutoka China, ambalo limefufua majina hayohayo. Linton mpya ilitoka mwaka wa 2019. KEF, iliyoanzishwa na Raymond Cooke mjini Maidstone mwaka wa 1961, iliingia mikononi mwa kampuni ya Hong Kong mwaka wa 1992. Kwa hivyo, mwenye kusema "hii ni Linton" hajasema bado ni ya mwaka gani, na tofauti ni ya takriban nusu karne.

Kuna pia mali yenye thamani inayopita bila kutambuliwa kwa sababu haina umbo la kutisha. Mfano ni LS3/5A, spika ndogo iliyobuniwa na wahandisi wa shirika la BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kusikiliza vipindi ndani ya magari ya utangazaji. Kasha lake lina urefu wa takriban sentimita 30 tu. Iliundwa kwa leseni na kampuni kadhaa, zikiwemo Rogers, Spendor na Harbeth, na wapenzi wa sauti ulimwenguni huigombania. Katika soko linalopima ubora kwa ukubwa, spika kama hiyo inaweza kuuzwa kwa bei ya redio ya jikoni, na mjane aliyerithi akabaki bila kujua alichokitoa. Unyonge wa habari haumwumizi mnunuzi peke yake.

Hatua inayofuata ni kufungua kasha na kutazama ndani. Watengenezaji wengi walichapisha majina au nambari zao kwenye mgongo wa sumaku ya wufa, na maelezo hayo yapasa kuoana na bamba la nje. Kasha halisi lenye wufa ya kubandika ni jambo linaloweza kutarajiwa kwa chombo cha umri huu, kwani fundi asiyepata kipuri cha asili huweka kinachoingia kwenye tundu. Dalili zake ni matundu ya skrubu yaliyotobolewa mara mbili, gundi mpya, waya wa rangi tofauti na wufa mbili zisizofanana katika jozi moja.

Ushahidi wa sumaku

Sumaku yenyewe hubeba historia inayowahusu majirani wa Afrika Mashariki. Hadi katikati ya miaka ya 1970, spika nyingi za daraja la juu zilitumia sumaku ya alniko, yaani mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli, kobalti na chuma. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilichimbwa katika jimbo la Shaba, Zaire, ambalo sasa ni eneo la Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mwezi Mei 1978, waasi waliokuwa wamejikusanya Angola walivamia mji wa Kolwezi, kitovu cha uchimbaji huo. Wanajeshi wa Ufaransa na Ubelgiji walipelekwa, wataalamu wa kigeni wakatoroka, na bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa. Watengenezaji wa spika, wakiwemo JBL wa Marekani, walilazimika kuhamia sumaku za ferati, ambazo hazihitaji kobalti. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni nyingi zilikuwa zimefanya mabadiliko hayo.

Kwa mnunuzi wa Kitengela, habari hii ni kifaa cha kukadiria umri. Sumaku ya alniko mara nyingi huwa nyembamba na ndefu, au hufichwa ndani ya kikombe cha chuma. Ya ferati huwa bapa na pana, mfano wa chapati nene nyeusi. Wufa ya kampuni kubwa yenye alniko ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya kabla ya 1980. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba ferati ilikuwapo kwenye spika nyingi za bei nafuu kabla ya vita vya Shaba, hivyo kuwapo kwake hakuthibitishi kuwa chombo ni kipya.

Kuijaribu

Baada ya utambuzi huja majaribio, na mengi yake hayagharimu chochote. La kwanza ni la macho na vidole. Spika nyingi zilizoundwa kuanzia miaka ya 1970 zina ukingo wa sponji unaoishikilia koni ya karatasi. Sponji hiyo huoza yenyewe, aghalabu baada ya miaka kumi hadi ishirini, hata kama spika haikuchezwa. Ikiguswa kwa wepesi na kubaki kwenye kidole kama majivu, imekwisha. Ukingo wa mpira au wa kitambaa hudumu zaidi. Ukingo uliooza hauiui spika, kwa kuwa hubadilishwa na fundi mwenye subira, lakini ni gharama inayopasa kuondolewa kwenye bei.

La pili ni kuisukuma koni ndani taratibu, kwa vidole vya mikono miwili vilivyosambazwa sawasawa. Ikienda na kurudi kimya, koili imekaa katikati ya sumaku. Ikikwaruza, koili imepindika au imeungua, na hapo mnunuzi ana sababu nzito ya kufunga mkoba.

La tatu huhitaji multimita, kifaa ambacho hakikosi katika kibanda cha fundi wa redio. Spika iliyoandikwa omu 8 yapaswa kuonyesha takriban omu 6 au 7 inapopimwa ikiwa imezimwa. Ya omu 4 huonyesha zaidi ya 3 kidogo. Kipimo kikiwa sufuri, kuna waya zilizogusana. Kisiposogea kabisa, koili imekatika.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kipimo hicho kikichukuliwa kwenye vituo vya nyuma ya kasha, katika spika nyingi huonyesha hali ya wufa pekee. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, imekingwa na kapasita isiyopitisha umeme wa moja kwa moja. Twita inaweza kuwa imekufa na multimita ikatoa jibu la kupendeza. Twita hupimwa kwa kufunguliwa na kupimwa peke yake, au kwa sikio.

La nne ni la betri ya volti 1.5, ambalo hufanyiwa wufa. Ukishikisha betri kwa nukta moja tu, upande chanya kwenye kituo chekundu, koni husogea mbele. Zote mbili zapaswa kusogea upande mmoja. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, mtu aliwahi kuzifungua na kukosea waya, na zikichezwa pamoja besi itamezwa. Spika nyingi za zamani za JBL zilikusudiwa kurudi nyuma, hivyo jambo la kuangaliwa ni ulinganifu wa jozi.

Mwisho ni kusikiliza, na hapa muuzaji mjanja huwa na wimbo wake tayari. Wimbo wenye besi nzito uliofunguliwa kwa sauti ya juu huficha kasoro nyingi. Mnunuzi mwenye busara huomba taarifa ya habari redioni. Sauti ya msomaji wa habari ni kipimo ambacho kila sikio linakijua tangu utotoni. Ikitoka kana kwamba msomaji ameingia ndani ya pipa, au herufi "s" zikifyonza kama nyoka, kuna tatizo. Wahandisi wa BBC nao walitegemea sana sauti ya msemaji walipokuwa wakizipima spika zao.

Sauti hiyohiyo ipitishwe kwenye kasha moja, kisha jingine. Likionekana moja ni hafifu, nyaya zibadilishwe: kasoro ikihamia kasha la pili, kosa liko kwenye amplifaya, ikibaki palepale, kosa ni la spika. Kwa kuwa umri hupunguza uwezo wa sikio kusikia sauti nyembamba, mzee anayenunua afadhali aandamane na mjukuu. Mtoto wa miaka kumi ataisikia twita ambayo babu yake haisikii.

Hila ya wati

Kikwazo kingine ni namna ambavyo soko la bidhaa mpya limeharibu vipimo. Radio na spika nyingi za bei ya chini hubandikwa tarakimu kubwa zinazofuatwa na herufi PMPO: wati 5,000, wati 10,000 na kuendelea. Hakuna kanuni ya pamoja ya kuhesabu kipimo hicho. Kila mtengenezaji hujiandikia. Mnunuzi aliyezoea tarakimu hizo akikuta spika ya mwaka wa 1972 iliyoandikwa wati 25 huidharau.

Njia ya kuufichua uongo huo iko nyuma ya chombo chenyewe. Kila kifaa cha umeme huonyesha kiasi cha umeme kinachotumia. Kikiandikwa kuwa hutumia wati 60 kutoka ukutani, hakiwezi kutoa wati 5,000 za sauti kwa mfululizo, kwa sababu nishati haizaliwi ndani ya kasha. Zaidi ya hayo, kuongeza nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa wastani. Spika kongwe iliyo nyepesi kuendeshwa inaweza kujaza ukumbi kwa wati chache.

Tahadhari inayokwenda sambamba na hiyo ni ya amplifaya. Spika ya kawaida ya nyumbani haichomekwi ukutani, hivyo haijali imetoka nchi gani. Amplifaya hujali. Umeme wa majumbani Japani ni wa volti 100 na wa Marekani volti 120, ilhali wa Kenya ni volti 240 kama ilivyokuwa desturi ya Uingereza. Amplifaya iliyotengenezewa soko la ndani la Japani ikichomekwa Kitengela bila transfoma huungua mara moja, na inaweza kuziunguza spika pamoja nayo.

Sheria yasemaje

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 46, humpa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari zinazohitajika ili anufaike nazo. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka wa 2012 huharamisha maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, yakiwemo madai ya ubora au asili isiyokuwapo. Sheria ya Bidhaa Ghushi ya 2008 nayo huwaandama wanaobandika majina ya wengine.

Hata hivyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ina tanzi ambalo wanunuzi wachache wanalifahamu. Sheria hiyo humtaka muuzaji wa kawaida wa bidhaa za aina fulani auze kitu kinachofaa kuuzika, lakini mnunuzi akishakikagua, hana kinga dhidi ya kasoro ambazo ukaguzi huo ungefaa kuzifichua. Aliyeinua spika, akaigongagonga na kulipa, anaweza kuambiwa mahakamani kuwa koni iliyopasuka ilikuwa mbele ya macho yake. Kinga yake bora ni kumweleza muuzaji shabaha ya ununuzi na kudai stakabadhi inayotaja modeli, nambari na ahadi iliyotolewa kwa mdomo.

Stakabadhi ina kazi ya pili. Vyombo vya muziki hubebeka, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Anayenunua usiku kutoka kwa mtu asiyetaka kutaja jina lake anajitafutia safari ya kituo cha polisi.

Kwa anayedanganywa, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 iliunda jukwaa la kusikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na inatarajiwa kuyaamua katika siku 60. Ugumu ni kwamba wengi hawana karatasi yoyote ya kuwasilisha. Biashara ilifanyika kwa M-Pesa, na ujumbe wa simu huonyesha malipo tu, hauelezi ahadi.

Mwenye kanisa au baa naye asisahau kanuni za kelele za mwaka wa 2009, ambazo katika maeneo ya makazi huweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba mchana na 35 usiku. Usiku huo huanza saa mbili. Spika nzuri haimpi mtu ruhusa ya kumkosesha jirani usingizi.

Taka au hazina

Suala hili lina upande wa kitaifa. Ripoti ya kimataifa iliyotolewa mwaka wa 2024 ilionyesha kuwa ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka wa 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Tangu Januari 1, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za aina hiyo, ziwe za sumu au la, zivuke mipaka kwa idhini ya nchi inayozipokea.

Nchini, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ilitiwa saini mwaka wa 2022, na kanuni za kuwawajibisha watengenezaji na waagizaji kwa bidhaa zao hadi mwisho wa uhai wake zikachapishwa mwaka wa 2024. Mwaka huohuo, Mswada wa Fedha uliokuwa na ushuru wa mazingira kwa bidhaa za kielektroniki uliondolewa mwezi Juni kufuatia maandamano ya vijana. Swali la nani atalipia taka halikuondoka pamoja na mswada huo.

Mpaka kati ya bidhaa kuukuu na taka ni mwembamba, na kinachouchora ni majaribio. Spika iliyopimwa na kuthibitishwa ni bidhaa. Isiyopimwa huenda ikawa takataka iliyosafirishwa kwa jina la msaada. Lakini spika kongwe ina sifa ambayo vipaza sauti vingi vya sasa vya plastiki havina. Imeundwa kwa mbao, karatasi, shaba na sumaku, ikafungwa kwa skrubu. Kapasita iliyochakaa hubadilishwa, ukingo hubandikwa upya, koili husokotwa. Kile cha Bluetooth kilichogandishwa kwa gundi, betri yake ikifa, aghalabu hutupwa kizima. Mwaka wa 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kumpa mtumiaji haki ya kukarabatiwa vyombo vyake, jambo ambalo mafundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, wamelifanya kwa miongo bila sheria.

Hatari iliyopo ni kwamba ujuzi huo unazeeka. Spika isiyopata fundi huvunjwa, shaba na sumaku zikauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, na mbao zikawashia jiko. Kajiado ina Taasisi ya Kiufundi ya Masai mjini Kajiado, na vijana wanaotafuta kazi hawakosekani. Somo fupi la ukarabati na upimaji wa vyombo vya sauti lingehitaji multimita, pasi ya kuchomelea risasi na mwalimu. Halingehitaji jengo jipya.

Serikali ya kaunti, ambayo hutoa leseni za biashara, nayo ina uwezo wa kudai jambo dogo: kila duka la vyombo vya umeme vilivyotumika liwe na meza yenye soketi na amplifaya ya kujaribia, na litoe stakabadhi yenye nambari ya chombo. Muuzaji mwaminifu hana cha kupoteza. Kwa hakika ndiye atakayefaidi zaidi, kwa sababu meza hiyo ndiyo itakayomtenganisha na mlaghai wa mlango wa pili, na kumpa sababu ya kudai bei inayostahili mali yake.

Hadi hapo hilo litakapotendeka, mzigo unabaki mabegani mwa mnunuzi. Kijana wa Kitengela aliyekusanya akiba yake mwaka mzima ana haki ya kufungua kasha, kupima, kusikiliza taarifa ya habari na kurudi nyumbani mikono mitupu asiporidhika. Muuzaji anayemkataza kufanya hivyo amekwisha kumjibu swali alilokuja kuliuliza.